Picha Zinakukataa? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kamera Nyingine

Mtu akianza kupiga picha kwa mapenzi yake mwenyewe na picha zisitoke anavyotaka, fikira ya kwanza huwa ni kamera: hii ni duni, nitafute nyingine. Naomba uiweke fikira hiyo kando kwa muda. Kasoro nyingi zinazowasumbua wapigapicha wa kujifurahisha hapa Mombasa haziko ndani ya kamera. Ziko kwenye mwanga wetu wa pwani, kwenye unyevu wa bahari, kwenye kasi ya shata (kilango kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga) iliyoachwa ijichagulie yenyewe, na pengine kwenye namna ulivyomwendea mtu kabla hujamwinulia lenzi. Ukinunua kamera ya bei kubwa zaidi, utahama na kasoro zako zote.

Anza na picha iliyoharibika. Usiifute. Ifungue kwenye skrini kubwa kama unayo, ikuze hadi asilimia 100, kisha tazama habari zilizohifadhiwa ndani yake: kasi ya shata, tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga), ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), saa iliyopigwa. Simu nyingi huzionyesha ukitelezesha picha kwenda juu. Majibu mengi yamo humo, na ndiyo maana hapa chini nimepanga mambo kwa dalili, nikianza na zile zinazowakatisha watu tamaa zaidi.

Picha haina ukali

Kuna namna tatu za kukosa ukali, na kila moja ina dawa yake. Ukizichanganya utahangaika bure.

Chukua picha ya hamali anayevuta mkokoteni kwenye soko la Marikiti. Ikuze, utafute mahali popote penye ukali. Ukikuta magunia ya nyuma yake yanaonekana hadi nyuzi za katani, lakini uso wake umelainika, basi kamera ililenga mahali pengine. Ukikuta kila kitu kimevutika kuelekea upande mmoja, hata taa ndogo ya mbali imekuwa kijistari, mkono wako ulitikisika. Ukikuta ukuta na mawe ya njia ni makali kabisa, ila hamali na mkokoteni wake wamefutika, yeye alikwenda na shata ikachelewa.

Kwa tatizo la kwanza, iondoe kamera kwenye mpangilio wa kujichagulia nukta ya fokasi, yaani mahali inapolenga ukali. Kamera iliyoachiwa uhuru huo hupenda kushika kitu kilicho karibu zaidi au chenye michoro inayoonekana wazi, na Marikiti vitu hivyo ni vingi kuliko nyuso. Chagua nukta moja, iweke kwenye jicho, na kama kamera yako inatambua macho, washa huduma hiyo. Mtu anayekujia anahitaji fokasi ya kufuatilia: kwenye Nikon na Sony imeandikwa AF-C, kwenye Canon ni AI Servo au Servo. Ile ya kushika mara moja, AF-S au One Shot, ni ya mtu aliyeketi. Kwa simu, gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga.

Mtikisiko wa mkono una kanuni ya zamani ambayo bado inafaa: kasi ya shata isiwe chini ya moja kugawa kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya milimita 50, sekunde 1/50 au zaidi. Ya milimita 200, 1/200 au zaidi. Kwa kamera zenye sensa ndogo (kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga) ongeza kasi hiyo mara moja na nusu. Kiutulivu kilichomo ndani ya lenzi kitakusaidia kwa mkono wako, lakini hakimsimamishi anayetembea. Kwa mtu anayetembea nenda 1/250, kwa watoto wanaoruka majini nenda 1/500 au 1/1000. Mwanga ukiwa haba, pandisha ISO bila woga. Picha yenye chengachenga bado ni picha, na chengachenga hupunguzwa baadaye kwa programu. Uso uliofutika haurudishwi.

Ukiwa juu ya daraja lenye magari, kumbuka kwamba daraja lenyewe hutetemeka. Traipodi haikusaidii hapo mpaka lori lipite.

Picha ina utando kama maziwa

Hii ni dalili ya mji wa pwani hasa, na ina vyanzo vinne. Vipime kwa mpangilio huu, kuanzia kilicho rahisi.

Kwanza tazama kioo cha mbele. Kwenye simu, karibu kila mara ni mafuta ya vidole. Taa za usiku zikiwa na mkia mrefu unaokatiza picha, pangusa lenzi kwa kitambaa laini kikavu na upige tena. Tatizo limekwisha.

Pili, umande wa kiyoyozi. Umelala na kamera kwenye chumba chenye baridi, au umeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi, ukatoka moja kwa moja kwenye hewa ya Mombasa. Hewa yenye joto na unyevu ikigusa kioo baridi huacha maji hapo hapo, na kila ukipangusa yanarudi. Acha kupangusa. Dawa hutangulia safari: kabla hujatoka chumbani, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki na uufunge vizuri, toka nayo, na uiache humo kwa nusu saa hivi mpaka ipate joto la nje. Umande utatua juu ya plastiki. Kama umeshaona maji ndani ya kioo cha kutazamia au ndani ya lenzi, zima kamera, toa betri, na usiwashe mpaka pakauke kabisa. Anayetaka kupiga picha alfajiri na aache kamera ilale sebuleni, kwenye hewa ile ile ya nje.

Tatu, chumvi. Upepo wa kusi ukivuma, mawimbi yakivunjikia kwenye mawe ya Mama Ngina hurusha matone madogo ambayo huyahisi usoni, lakini kioo kinayapokea. Yakikauka huacha utando mweupe. Hapa watu hufanya jambo linaloniuma sana: wanachukua upindo wa shati au ncha ya kanga, wanasugua kikavu. Chumvi na chembe za mchanga zinakwaruza tabaka la juu la kioo, na mikwaruzo hiyo haiondoki tena. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha tumia karatasi ya lenzi iliyotiwa tone la maji ya kusafishia, ukianzia katikati kwenda nje kwa mzunguko. Mwili wa kamera upanguse kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo ya bahari, halafu kwa kikavu. Fanya hivyo siku ile ile. Kutu ya chumvi huanzia kwenye skrubu na kwenye sehemu za chuma za betri.

Nne, kuvu, na huyu ndiye adui mkubwa wa lenzi katika mji huu. Mtambue hivi: toa lenzi kwenye kamera, fungua tundu lake lote, washa tochi ya simu na uielekeze kwa pembe kutoka nyuma, halafu chungulia kutoka mbele. Kuvu changa huonekana kama nyuzi nyembamba sana zinazotawanyika kutoka pembeni ya kioo kuelekea katikati, zikigawanyika kama mizizi. Vumbi ni vidoa tu, halina matawi. Kuvu kidogo cha pembeni huenda kisionekane kwenye picha kwa miaka, ila kikifika katikati picha hupoteza weusi wake na kila taa inazungukwa na ukungu. Kikikaa muda mrefu hula tabaka la kioo, na hapo hata fundi akisafisha alama inabaki.

Kuvu hupenda giza, unyevu na hewa isiyotembea. Yaani hupenda begi la kamera lililofungwa na kusukumwa chini ya kitanda tangu Idi iliyopita. Usihifadhi kamera kwenye begi. Begi ni la safari, na la ngozi hunywa unyevu kuliko yote. Nunua kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tia ndani pakiti za jeli ya silika za kutosha na kipimo kidogo cha unyevu, na hakikisha kipimo kinasoma kati ya asilimia 40 na 50. Jeli ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni na uirudishe. Mchele usiutie humo. Unaacha unga na vumbi. Kisha itumie kamera mara kwa mara. Lenzi inayotoka nje na kupata mwanga haishikwi na kuvu haraka kama ile iliyosahauliwa. Na ukinunua lenzi ya mtumba, jaribio la tochi lifanye mbele ya muuzaji, kabla hujatoa pesa.

Uso umekuwa giza, kanzu imekuwa kijivu

Kati ya dalili zote, hii ndiyo ninayotaka uielewe zaidi, kwa kuwa inahusu ngozi zetu wenyewe.

Kamera inapopima mwanga haijui inaangalia nini. Inakisia kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni kijivu cha wastani kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga. Sasa wapige wazee watatu wenye kanzu nyeupe wakitoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, nyuma yao ukuta uliopakwa chokaa. Kamera inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu zinakuwa za rangi ya jivu, na nyuso zinazama gizani hadi macho hayaonekani. Geuza: mpige mama mwenye buibui jeusi mbele ya mlango wa mti mweusi wa nakshi. Kamera inaona giza tupu, inaongeza mwanga, buibui linapauka na uso unapoteza rangi yake.

Kitufe cha kurekebisha ni kile chenye alama ya +/-. Weupe ukitawala picha, ongeza: anza na +1. Weusi ukitawala, punguza: anza na -1. Ndiyo, inaonekana kinyume mpaka ukumbuke kamera imekosea upande gani. Tazama skrini, rekebisha, piga tena. Washa pia onyo la sehemu zilizoungua, zile zinazopepesa nyeusi na nyeupe. Mkunjo mdogo wa kanzu ukiungua si neno, bega zima likiungua rudi chini kidogo.

Ikiwa ni mtu mmoja, tumia upimaji wa nukta, unaopima sehemu ndogo tu ya picha, na upime usoni. Lakini hapa pia kuna mtego. Ukipima kwenye uso wa mtu mweusi sana, kamera itajaribu kuufanya kijivu cha wastani, yaani mweupe kuliko ulivyo. Kwa kitufe kile kile punguza theluthi mbili au moja kamili, ngozi itabaki na kina chake na mng'ao wake. Kwenye simu, bonyeza uso na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifunge, kisha vuta alama ya jua chini taratibu.

Usidhani mitambo hii ilitengenezwa ikituwazia sisi. Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini bado mpangilio wa kujiendesha ni makisio tu, na una haki ya kuupinga.

Na mara nyingi tiba ya kweli si kitufe. Ni kumsogeza mtu. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mwanga mpana unaoteleza kutoka upande mmoja na kuacha mng'ao kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua. Vichochoro vya Mji wa Kale vinakupa mwanga huo bure. Tafuta mahali ambapo ukuta mmoja unapigwa na jua na wa pili uko kivulini. Msimamishe mtu upande wa kivuli, karibu na ukuta, uso wake ukielekea ule wenye jua. Chokaa itarudisha mwanga mlaini kama wa dirisha kubwa. N. V. Parekh, aliyekuwa na studio hapa Mombasa tangu miaka ya 1940, alizijenga sura za wateja wake kwa taa, na ukizitazama picha zake za nyeusi na nyeupe utaona jinsi mwanga ulivyoachwa utembee juu ya uso badala ya kuupiga kutoka mbele. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera hufanya kinyume kabisa: inaupiga uso kutoka mbele, unakuwa bapa na unang'aa jasho. Izime.

Picha za mchana ni ngumu, rangi zimepauka

Tazama saa iliyopigwa. Kama ni kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, umepata jibu. Mombasa iko digrii nne hivi kusini mwa ikweta, jua letu hupanda karibu wima, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini kabisa. Mashimo ya macho yanakuwa meusi, pua inaangusha kivuli mdomoni. Mwanga mzuri wa asubuhi huanza jua linapochomoza, kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na kufikia saa mbili umeshakuwa mkali. Anayesoma mafunzo yaliyoandikwa Ulaya huambiwa ana saa nyingi za mwanga laini. Huku kwetu ni chache. Amka.

Jambo jingine ni upande. Ufuo wetu unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini na kuzama bara, kwa hiyo anayekwenda Nyali au Bamburi kusubiri machweo juu ya bahari hatayaona. Asubuhi nenda huko, au kwenye uso wa Ngome ya Yesu unaotazama bahari, wakati mawe ya matumbawe yanapopokea jua la kwanza na kila tundu la ukuta linaonekana. Jioni nenda hori ya Tudor, jua likishuka ng'ambo ya maji.

Ukilazimika kupiga adhuhuri, ingia ndani ya kivuli: barazani, chini ya mwembe, ndani ya soko. Au piga vitu vinavyopenda jua kali, kama vivuli vya nakshi na mabati. Na usisahau maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi. Anayetaka miamba na wavuvi wa pweza na anayetaka mawimbi hawaendi wakati mmoja. Soma jedwali la maji kabla ya kupanga safari.

Doa lile lile, mahali pale pale, kila picha

Ni vumbi kwenye sensa. Thibitisha kwa kupiga anga tupu kwa tundu dogo la f/16; madoa yatajitokeza meusi. Elekeza mdomo wa kamera chini, washa mpangilio wa kusafishia sensa, puliza kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa kinywa, mate yatatua humo. Doa lisipotoka mpe fundi. Kuanzia hapo usibadilishe lenzi ufuoni upepo ukivuma.

Mistari ya giza kwenye picha za ndani

Umepiga harusi ukumbini na picha zina mikanda ya giza iliyokatiza. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED na za tyubu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya kasi huzikuta zikiwa nusu. Shuka hadi 1/100 au 1/50 na mikanda itapungua au kutoweka. Kamera nyingi mpya zina mpangilio wa kuzuia jambo hili. Utafute kwenye menyu.

Watu wamekuwa kijani au bluu

Soko la Kongowea, chini ya maturubai, ndiko dalili hii inakojulikana vizuri. Mwanga ukipita kwenye turubai la bluu hufika usoni ukiwa bluu, na kamera haiwezi kuuondoa wote. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili uweze kusahihisha rangi baadaye, au shika karatasi nyeupe chini ya turubai lile lile na uiwekee kamera kipimo cha weupe. Kukiwa na mchanganyiko wa turubai, taa ya LED na jua la pembeni, hakuna kipimo kitakachotosha. Msogeze mtu kwenye chanzo kimoja cha mwanga, au igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe.

Picha ilikuwa nzuri, ukiituma inaharibika

WhatsApp huipunguza. Itume kama faili badala ya picha, na mwenzako ataipokea kama ilivyo.

Kadi haisomeki

Acha kupiga hapo hapo. Kila picha mpya inaandikwa juu ya zile zilizopotea. Toa kadi, ijaribu kwenye kisomaji kingine, na kama bado imekataa tumia programu ya kurejesha faili. PhotoRec ni ya bure na hufanya kazi vizuri. Zikisharudi, ifute kadi upya kwa menyu ya kamera yenyewe, si kwa kompyuta. Ikirudia tena itupe. Kadi bandia zimejaa sokoni: imeandikwa GB 128 lakini ndani haifiki hata robo, na picha zinazozidi hapo hupotea kimya kimya. Kadi mpya ijaze yote nyumbani kwa majaribio kabla hujaipeleka kwenye siku ya watu.

Watu wanageuza uso, au wanaganda kama nguzo

Mwangalie mpigapicha, si kamera. Aliyesimama mbali na lenzi ndefu, akawinda nyuso za watu Mji wa Kale, atapata migongo na lawama, na lawama hizo ni za haki. Mtu ana staha yake. Akina mama wengi hawataki picha zao zizunguke mitandaoni, na mlango ulio wazi bado ni mlango wa nyumba ya watu.

Nenda karibu, salimu, nunua kitu, kaa. Kwa muuza kahawa mambo huenda hivi:

"Asalaam aleikum, mzee."

"Waaleikum salaam. Karibu."

"Nimiminie kikombe. Na ukinipa ruhusa, nikupige picha ukimimina."

"Picha ya nini, mwanangu?"

"Najifunza, mzee. Na ya kwako nitakuletea, ya karatasi."

Akikubali, usimwambie atabasamu. Ngoja mteja wa pili afike. Mkono mmoja utainua dele, birika lake la kahawa, wa pili utagonganisha vikombe, macho yatafuata uzi wa kahawa. Hapo hayuko tena mbele ya kamera, yuko kazini mwake. Piga wakati huo. Mwenye kuganda huwa hana la kufanya na mikono yake, ndiyo maana wapigapicha waliokuwa na vibanda pale Likoni miaka ya 1990 waliweka mapazia yaliyochorwa meli na ndege: mteja alipata mahali pa kuwa. Akikataa, sema "Haidhuru mzee, shukran," unywe kahawa yako na ulipe. Na picha ya karatasi uliyoahidi ipeleke. Mtaa mzima utakujua kwa hilo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Ukitaka kuitumia kwa biashara unahitaji idhini yake, na kwa mtoto unahitaji ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwenye kivuko cha Likoni, bandari ya Kilindini na kambi za jeshi, askari watakuzuia, na hapo si pa kubishana. Kwa droni, ruhusa ya mamlaka ya usafiri wa anga huja kabla ya kuruka.

Picha zote zinafanana, hamu inakwisha

Hili ni tatizo kama mengine, lina dalili na chanzo. Tandaza picha zako za mwezi uliopita pamoja. Je, zote zimepigwa ukiwa umesimama, kwa kimo cha macho yako? Zote kutoka umbali wa hatua tano? Zote ni Ngome, Mapembe ya ndovu ya Barabara ya Moi, ngamia wa ufuoni, na tena Ngome? Wengi wetu tunapiga kile tulichokwisha kukiona kwenye simu za wengine, kisha tunahesabu wangapi wamekipenda. Hamu haiwezi kudumu kwa chakula hicho.

Jipunguzie. Chagua jambo moja dogo na ukae nalo muda mrefu: misumari na komeo za milango ya nakshi ya Ndia Kuu, maneno yaliyoandikwa nyuma ya tuktuk, mikono ya wanaopima nyanya Kongowea, mafundi wa mashua. Tumia lenzi moja tu, au simu bila kuvuta kwa vidole. Ukitaka ukubwa, sogea kwa miguu. Kwa mada ndogo utalazimika kuchuchumaa, kurudi saa nyingine, kumjua mwenye mlango.

Halafu chapisha. Picha kumi za karatasi, ndogo zinatosha, kwenye duka lolote la kuchapisha mjini. Zilaze sakafuni na umwite mtu unayemwamini macho yake, si yule anayesifu kila kitu. Mwombe aondoe tatu bila kukueleza sababu. Zilizobaki zipange tena na utazame kinachokosekana: pengine hakuna uso, pengine hakuna usiku, pengine hakuna hata moja uliyoipiga ukiwa umeinama. Andika hicho kwenye karatasi, uitie kwenye begi la kamera, na Jumamosi usipige kingine.